Safu ya Katani ya Brigita

Huko Mbulumbulu, Blandina alijulikana kwa kifaa chake cha setilaiti na kwa kauli moja. Alipopima mashamba kwa ajili ya hati za kimila na ndugu wakaanza kuvutana, aliwaambia, "Kifaa hakina shangazi." Watu walicheka, wakakubali. Miaka minne hakupingwa.

Jumamosi moja ya Mei 2024 alifika kwa Brigita, mjane. Majirani walitembea naye mpakani kama ilivyo desturi, wakifuata safu ya katani aliyoipanda marehemu mumewe. Kaburi lake lilikuwa hatua chache ndani ya safu. Ng'ambo lilianza shamba la Thomasi, mdogo wa marehemu, lenye hati tayari. Blandina akatafuta kona iliyoandikwa kwa namba kwenye hati hiyo. Kifaa kikamvusha katani, kikamsimamisha hatua nane ndani ya shamba la Brigita, kaburi likiwa nyuma yake, upande wa Thomasi.

"Umeona, shemeji?" alisema Thomasi. "Hakina shangazi."

"Basi nilimzika mume wangu kwenye shamba la watu?"

Blandina alijua katani haihami. Lakini angeikana vipi kauli yake mbele ya watu? Akauandika mpaka huo kwenye karatasi. Thomasi akafuata jembe. Mche wa kwanza ulipong'oka, Brigita aliketi juu ya kaburi, akajifunika uso kwa mtandio.

Moyo ulimsuta Blandina. Akaenda kwenye jiwe la kona ya kanisa, ambalo namba zake alizijua kwa kichwa. Kifaa kikaliweka katikati ya barabara. Akampigia Emilian, mpima ardhi wa mjini.

"Dada, zima hicho kifaa! Jua limechafuka. Nguvu zake za sumaku zimefyatuka, dhoruba imetufikia. Huko juu hewa imevurugika, mawimbi ya setilaiti yanapotea njia."

Blandina akatazama juu. Lilikuwa jua lile lile, likianika maharage ya watu.

Aliporudi, miche mitatu ilikuwa chini.

"Thomasi, weka jembe. Nimekosea."

"Si kifaa chako kimesema?"

"Kifaa kimepotoshwa na jua. Mimi nimepotoshwa na aibu yangu."

Akachana karatasi, akapiga magoti, akairudisha miche ardhini kwa mikono yake. Miiba ikamchoma viganja. Alimwita Brigita mara mbili. Mara ya tatu mjane aliinuka kaburini, akaja, akaushindilia udongo kwa unyayo, mche kwa mche.