Chumvi ya Zizini

Kila ninapokamulia limau kwenye kopo la karoti na matango, harufu ile hupanda puani nikamwona mama ameketi kwenye mkeka mlangoni, ugali wake haujaguswa.

Alikuwa ametoka hospitali, malaria imemmaliza. Muuguzi alisema asipokula atarudishwa wodini. Baba alichinja kuku, mama akageuza uso ukutani.

Mimi nikakumbuka achari yake, ile isiyopikwa, aliyokuwa akitutengenezea msimu wa kuvuna pamba. Nikakata mboga vipande vya hovyo hovyo, nikatia pilipili na limau. Chumvi jikoni ilikuwa imeisha, basi nikakimbia zizini, nikachota kiganja kizima kwenye mfuko wa chumvi ambayo baba huwalambisha ng'ombe. Kopo likashinda juani.

Alasiri nikampelekea. Alitia kipande kimoja mdomoni, akakunja uso, akakitema.

"Mayu, nimekosea?" nilimuuliza mama.

"Chumvi umeitoa wapi?"

"Zizini."

Alinitazama. Ndama aliyefungwa pale uani akavuta kamba, akatumbukiza ulimi kwenye kopo na kuanza kuramba kwa fujo, macho kayafumba. Mama akacheka. Sauti ilianza kama kikohozi, halafu ikamshinda, akashika mbavu. Baba akatoka ndani mbio akidhani amezidiwa.

Mama alijifuta machozi kwa ncha ya khanga, akavuta kisu na karoti zilizobaki.

"Kimbia dukani ukalete chumvi ya watu," aliniambia. "Fanya haraka, nina njaa."