Udongo wa Kichuguu Chini ya Maji

Watu wakinisifu siku hizi kwa jambo lolote, iwe ni wajukuu wangu au kitambaa cha mezani ambacho wala sikukishona mimi, huwa nawaambia wasijisumbue. Wakitaka kunisifu, wanisifu kwa sanduku la kioo. Nililipanda bustani mimi mwenyewe, chini ya maji, Lubumbashi ilipokuwa bado ikiitwa Elisabethville na Katanga imejitenga, ina bendera yake, fedha zake na vita vyake. Nilikuwa msichana, mwalimu mpya katika shule ya masista, na kichwa changu hakikuwa kidogo.

Mwalimu wa Kizungu aliyefundisha elimu ya viumbe alikuwa ameondoka na mumewe kwa gari kuelekea Rhodesia, kama wenzake wengi katika ule mwezi wa hofu baada ya uhuru. Aliacha picha za mifupa ukutani na sanduku lile la samaki, refu kama meza, vioo pande zote, fremu ya chuma. Enzi zake lilikuwa na kokoto za rangi, samaki wekundu wawili, na pampu ya umeme iliyonguruma kutwa nzima. Jani halikuwamo hata moja. Samaki walikufa baada ya yeye kuondoka, na pampu ilikuwa imekwenda naye.

Sista mkuu akaniita. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kupima kila kitu kabla ya kukitoa. Akaniambia kwamba somo lile halijawahi kufundishwa na mwalimu mweusi katika shule yake, na kwamba ananipa nafasi mpaka siku ya wazazi. Siku hiyo wazazi wakikuta uhai ndani ya sanduku lile, darasa ni langu. La sivyo ataomba mwalimu kutoka Ulaya, nami nitarudi chumba cha ushonaji nilikotoka. Ushonaji si kazi ya kudharau, lakini mimi na sindano hatujawahi kupatana. Nikamjibu kwamba sitaweka samaki peke yao, nitaweka bustani nzima. Sijui neno hilo lilinitoka wapi, ila likishatoka sikuwa na njia ya kulirudisha.

Basi, katika bustani ya majini, jambo la kwanza si samaki wala si mimea. Ni sakafu. Jani la majini lina mizizi kama jani la shambani, na mizizi inataka mahali pa kushika na kitu cha kula. Ukikosea chini, huku juu utahangaika bure. Hayo niliyasoma katika kitabu cha Kifaransa cha maktaba ya shule. Tatizo ni kwamba kitabu kile kilijua mchanga wa mito ya Ulaya na udongo wa misitu ya huko, na juu ya Katanga hakikuwa na neno. Kuchagua kukawa juu yangu.

Nyumbani, ushauri ulikuja kabla sijauomba. Baba yangu alikuwa ameshuka kutoka kaskazini akiwa kijana, akafanya kazi kwenye tanuru za shaba mpaka akastaafu, na kwake kila kitu chema duniani kilitoka chini ya lile bomba refu la moshi. Shaba ikiyeyushwa, yanabaki mawe ya moto yasiyo na faida, yanamwagiwa maji na kupasuka chembechembe. Tuliyaita skori. Ni meusi, yanang'aa kama chupa iliyosagwa. Familia zote za wafanyakazi wa tanuru zilitandaza skori uani. Mvua ikinyesha hakuna tope, nyoka akipita anaonekana, na asubuhi ukifagia, michirizi ya ufagio inabaki imenyooka. Ua usio na skori tuliuona kama ua wa mtu asiye na kazi, na tulikuwa hatufichi dharau yetu.

Baba alileta mfuko wa skori juu ya baiskeli. Akaiosha mwenyewe katika beseni, maji baada ya maji, mpaka yakatoka safi. Kisha akanikabidhi kama mtu anayetoa mahari.

"Tia hii, mama," akaniambia. "Mukuba njo ilikusomesha, njo itasaidia na majani yako."

Mukuba ni shaba, na kweli ndiyo iliyonisomesha. Nilitia. Ilipendeza, siwezi kukana. Nilikuwa nimeng'oa majani marefu membamba kama utepe kwenye dimbwi upande wa mto Kafubu, na ule ukijani juu ya weusi ule uliwafanya hata wasichana wa mwisho darasani wanyamaze. Wastaafu wenzake baba walipita shuleni wakaangalia, wakapeana mikono kana kwamba wao ndio waliozaa. Nikaingiza konokono na visamaki vya dimbwi. Nilijiona nimemaliza.

Konokono walitangulia. Walijikunja ndani ya nyumba zao, wakaachia kioo, wakaanguka. Visamaki vikapanda juu kuhema, kesho yake vikawa vimelala ubavu. Majani yakageuka kuwa kama karatasi iliyolowa mafuta, halafu yakayeyuka. Nikabadilisha maji. Nikalaumu dawa ya maji ya bomba, nikalaumu mikono ya wanafunzi, nikaenda kung'oa majani mengine, yakafa vilevile. Nilibadilisha kila kitu isipokuwa sakafu. Sista mkuu alichungulia mlangoni, akahesabu konokono walioanguka, akaondoka, na mimi ningependelea anigombeze.

Jibu nililipata nikiwa na ufagio mkononi. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Nje ya ua wetu, majani yalikuwa yamechipua barabarani mpaka ndani ya mtaro. Ndani ya ua, hakuna. Hata unyasi mmoja. Nikasimama. Skori tuliipenda kwa sababu hiyohiyo, kwamba pale ilipo hapaoti kitu. Mtu yeyote wa mtaa wetu angekuambia hivyo, tena kwa kujisifu. Na sisi sote, mimi na baba yangu na wale wazee wa tanuru waliokuja kupeana mikono, tulichukua kile tulichokitandaza ili majani yasiote, tukakiweka chini ya majani ili yaote. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Halafu nikakasirika, kwa sababu ilinibidi kumwambia baba.

Nilimwambia kwa adabu, baada ya chakula. Nilisema kwamba ndani ya skori bado kuna shaba kidogo, na shaba hiyo ikiingia polepole majini haiwaachi konokono wala samaki. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kikombe chini.

"Leo mukuba iko sumu? Na ile miaka yote, ulikula nini mu hii nyumba?"

Nilimjibu kwamba nilikula mshahara wa shaba, sikuila shaba yenyewe. Nilidhani atacheka. Alinyanyuka akaenda zake, na kwa muda mrefu baadaye alizungumza nami kupitia kwa mama, hata nikiwa nimeketi mbele yake. Kwa mama alisema pia kwamba siku ya wazazi asitegemewe, haendi kuona kazi ya maisha yake ikitukanwa. Iliniuma. Lakini skori niliitoa yote, nikaipeleka uani, inakostahili.

Mama alikuwa mtu wa Mitwaba, na mtu wa Mitwaba huwezi kumtenganisha na jembe. Alikuwa na shamba Kasungami, nje kidogo ya mji, na ndani ya shamba kichuguu kirefu kuliko nyumba yetu. Wageni wakiona kichuguu wanaona usumbufu. Wanawake wa kwetu wanapanda maboga na mahindi juu yake, kwa sababu pale mahindi yanakuwa ya kijani wakati ya bondeni yameshakuwa manjano. Nilimwambia nataka udongo huo. Hakuniuliza wa nini, alinionyesha pa kuchimba.

"Bulongo ya kichuguu iko na nguvu," akasema, "lakini usiikamate pa juu. Pa juu mvua ilishamaliza."

Hata hivyo nilikuwa nimeshaumwa mara moja na ushauri wa mzazi, safari hii sikumwamini mtu. Nilipanga chupa za jamu dirishani mwa darasa, kila moja na sakafu yake na shina lake la jani. Moja mchanga mtupu wa kijito, moja matope ya dembo, yaani lile bonde la majani ambamo maji hutuama, na moja udongo wa ubavuni mwa kichuguu. Wasichana wakawa wanaandika wanachokiona, na hapo ndipo nilipoanza kuwa mwalimu kweli, ingawa sikujua. Matope ya dembo yalitoa mapovu na harufu iliyotufukuza dirishani. Mchanga ulibaki safi, lakini jani likawa jembamba na la manjano kama mtoto asiyeshiba. Udongo wa kichuguu ulichafua maji yakawa kama chai ya maziwa. Ila nilipolivuta shina, lilikuwa limetoa mizizi mipya, myeupe, mingi.

Basi nikaamua. Kichuguu chini, mchanga juu yake uwe kifuniko. Mchanga wenyewe niliuchota kwenye kijito kinachotokea ng'ambo ya mashamba ya Kasungami, ambako bomba la moshi halionekani hata ukipanda kichuguuni, kwa maana sikutaka tena kukutana na shaba. Udongo niliukausha, nikauponda, nikauchekecha kwa chekecheke ya mama ya unga, na kelele alizopiga sitaziandika. Nikauloweka, nikamwaga maji na takataka zinazoelea, nikarudia. Mbele niliutandaza unene wa vidole viwili, nyuma zaidi, ili mizizi mirefu ipate nafasi na macho yapande kama yanapanda kilima. Juu nikaweka mchanga. Kisha sahani, na juu ya sahani nikawa namimina maji kwa kikombe, taratibu, sakafu isishtuke. Ilinichukua siku nzima, mgongo ukakataa kunyooka. Maji yalikaa na ukungu kwa siku kadhaa, halafu asubuhi moja nikaona upande wa pili wa kioo. Nikapanda majani, nikaweka konokono. Wakatembea. Nikafuatisha visamaki viwili vitatu vya dimbwi.

Hapo vita vikaingia mjini. Wanajeshi wa kofia za buluu, waliotumwa na mataifa ya dunia, upande mmoja, askari wa Katanga upande mwingine, na sisi katikati. Shule ikafungwa, bomba zikakauka, umeme ukakatika. Tulilala chini ya vitanda huku bati likitetemeka. Niliwaombea watu, hilo lazima, lakini sioni haya kusema kwamba niliomba pia kwa ajili ya sanduku. Sikuwa na namna ya kulifikia. Hata baba, ambaye bado hakuwa akisema nami, siku moja alimwambia mama, kwa sauti ya kutosha nisikie, kwamba darasa la shule lina madirisha mengi mno.

Mizinga iliponyamaza nilikwenda kwa miguu. Madirisha yalikuwa yamevunjika kweli. Vumbi la dari lilikuwa limefunika madawati, na picha ya mifupa imeanguka. Sanduku lilikuwa limesimama. Nilifuta kioo kwa kiganja. Majani yalikuwa yamefika juu ya maji na kulala juu yake, kila jani limejaa vitone vya hewa, na katikati ya mashina kulikuwa na visamaki vidogo kama kope, ambavyo mimi sikuviweka. Vilizaliwa humo, wakati sisi tuko chini ya vitanda. Nikakaa kwenye dawati la mwanafunzi, nikalia kwa furaha na sikujizuia.

Sista mkuu aliingia na ufagio, maana alikuwa anafagia shule kwa mikono yake mwenyewe. Akauliza nani alikuwa akija kuwalisha samaki. Nikasema hakuna. Akauliza pampu nimeipata wapi, nikasema haipo, na kama ingekuwepo ingezimika pamoja na umeme na samaki wote wangekufa. Sakafu imelisha majani, majani yamelisha maji. Alivua miwani akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

Siku ya wazazi ilifanyika madirisha yakiwa bado yamezibwa kwa mbao. Watu walijaa. Sista mkuu aliwaambia kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili chake cha misheni, kwamba mwalimu wa elimu ya viumbe katika shule hii ni huyu hapa, na hatafutwi mwingine. Makofi yalipigwa. Nilisimama wima, nikajivuna wazi, na kama dhambi ya majivuno ilihesabiwa siku ile, ihesabiwe tu.

Baba nilimwona makofi yalipokwisha. Alikuwa amekuja, na suti yake nyeusi ya kanisani, amesimama nyuma na wale wazee wa tanuru. Mmoja wao alimsukuma kwa kiwiko akamwonyesha sakafu ya sanduku, mchanga mweupe, hakuna skori hata chembe. Nilijua anachomnong'oneza. Baba akamwacha hapo. Akapita katikati ya watu mpaka mbele kabisa, akatazama sakafu, mizizi, visamaki, kisha akainua mkono juu, kidole kimoja, kama wanavyofanya wanafunzi, na akangoja nimpe ruhusa. Nikampa.

"Mwalimu," akasema, "niko na kiulizo. Hii majani inakula nini?"

Nilichukua fimbo ya kuonyeshea, nikaanza kumweleza kuanzia chini. Alisimama kofia mkononi, akanisikiliza mpaka nikamaliza.