Namba Moja, Nyumba Nzima

Kazini walimwita Hebu Kwanza, na hawakuwa wakimsifu. Kila alipopewa kazi ya haraka alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasema, "Hebu kwanza." Wenzake walikuwa wameshamaliza, yeye bado anauliza. Lakini kazi za wenye haraka zilimrudia mezani zikiwa zimevunjika, na kwa hilo hakuna aliyempa jina.

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kalamu mfukoni ingawa siku nzima aliandika kwa kubonyeza. Chumba chake pale hospitalini hakikuwa na dirisha, ila feni iliyolalamika kuliko ilivyopuliza. Alitunza tovuti ambayo kwayo wagonjwa waliingia kwa namba ya simu na nywila, wakapanga siku ya kumwona daktari na kusoma majibu ya vipimo vyao.

Mwaka ule hospitali ililichukua duka la dawa la ng'ambo ya barabara. Duka nalo lilikuwa na tovuti yake na wateja wake. Mkuu wa kitengo akaamua watu wote wapite mlango mmoja.

"Unganisha kumbukumbu zote," alisema. "Namba ya simu ikifanana huku na huku, huyo ni mtu mmoja. Mpe akaunti moja aone kila kitu. Jumatatu tunafungua."

"Hebu kwanza, mkuu..."

"Hakuna hebu kwanza. Jumatatu."

Akaandika programu, akaijaribu kwa watu wa kubuni, ikakubali. Mwingine angeishia hapo. Yeye alikuwa na desturi iliyowachekesha wenzake: kazi inayogusa watu aliijaribu kwanza nyumbani kwao. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, alisema, na nyumba aliyoijua kuliko zote ni ya mama yake. Kwa hiyo aliunganisha namba ya mama peke yake, kwa ruhusa yake, na Jumamosi asubuhi akamfuata.

Mama alikuwa mshonaji. Alimkuta kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alizitema pini kiganjani. "Umekuja kunisalimia au umekuja na hicho kidude chako?"

"Vyote viwili."

"Mwongo. Salamu haibebwi kwapani."

Alicheka, akamwekea kompyuta mezani. Mama akabonyeza namba yake kwa kidole kimoja, polepole kama anayechambua mchele. Alipofika kwenye nywila ya duka la dawa akaanza kuitamka.

"Usiitaje, mama."

"Kwani wewe si mwanangu?"

"Hata mimi usiniambie."

Ukurasa ukafunguka. Ulimkaribisha kwa jina, lakini jina lenyewe lilikuwa la binti yake, kitinda mimba. Chini yake kulikuwa na jina la kliniki, na maneno kwamba majibu ya vipimo yako tayari.

"Mbona kimeandika jina la mdogo wako?"

"Kimekosea."

"Na hapo chini? Miwani yangu iko wapi? Hebu nisomee."

Macho ya Hebu Kwanza yalikuwa yameshaliona jina la kliniki, na hilo peke yake lilikuwa zaidi ya haki yake. Akaifunga kompyuta.

"Nimesema usome, wewe unafunga!"

"Si yako, mama."

"Kuna cha mwanangu kisicho changu?"

"Kipo."

"Nani kakufundisha kunijibu hivyo?"

"Wewe. Ulituchapa tulipofungua vifurushi vya wateja wako."

Mama aliinuka. Alirudi kwenye cherehani, akaikanyaga kwa nguvu kama iliyomkosea.

Kosa halikuwa la mashine. Simu ya mdogo wake ilipoharibika, alijiandikisha hospitalini kwa namba ya mama. Kwa hospitali namba ile ilikuwa binti, kwa duka la dawa ilikuwa mama, na programu ikawafanya mwanamke mmoja. Nyumba ngapi ziko hivyo? Simu moja mezani, ya mume na mke, ya bibi na wajukuu, hata ya jirani aliyekuja kuazima. Aliyesema namba ni mtu amesahau alikolelewa.

Mchana huo huo alimwendea mdogo wake, akamweleza mlangoni, kabla hajaketi.

"Kaka, umesoma?"

"Jina la kliniki. Zaidi ya hapo sikusoma."

"Na mama?"

"Hakuwa na miwani."

Dada alicheka, kisha akauegemea mlango. "Nitamwambia mwenyewe. Ila si sasa. Siwezi sasa."

"Basi hataambiwa na mashine. Nimeshazitenganisha akaunti zenu."

Jumatatu mkuu alimsikiliza amesimama, funguo mkononi.

"Watu wa nyumba moja wana siri gani? Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Mgonjwa hakuficha, mkuu. Alikuja kwa daktari. Sisi ndio tunaotaka kumtangaza."

"Nitampa mwingine aifungue."

"Mpe. Ila uandike kwa mkono wako kwamba nilikuonya, na uweke sahihi."

Mkuu aliitazama kalamu aliyonyooshewa. Hakuishika. Sitadanganya kwamba aliiona haki; aliiona hatari tu. Mara nyingi hicho ndicho kinachopatikana, na mwenye busara hukipokea bila kukisifu.

Ufunguzi ukaahirishwa. Hebu Kwanza akabadili utaratibu: akaunti zibaki mbalimbali hata namba zikifanana, mpaka mwenyewe aingie kwa nywila zote mbili na kusema, huyu na huyu ni mimi. Siku ya kufungua mkuu alipigiwa makofi. Hebu Kwanza alirudi kwenye feni yake. Wapo wanaodhani uaminifu usiopigiwa makofi umepotea bure. Hao wasipewe funguo za watu.

Miezi kadhaa baadaye, alasiri moja, dada alikuja kwa mama akaketi karibu na cherehani, bahasha mapajani. Hebu Kwanza alikuwepo, anakunywa chai.

"Mama, nina neno."

Cherehani ikanyamaza. Hebu Kwanza akanyanyuka na kikombe chake.

"Kaa tu, kaka."

"Nitakaa ukishamwambia mama. Ndiye wa kwanza."

Akatoka, akasimama ukutani, chai ikampoa mkononi. Dada alisema nini sitaandika. Sikuwepo mle ndani, na hata ningekuwepo, neno lile lina mwenyewe.

Baadaye sauti ya mama ilimwita. Alipoingia aliwakuta wameketi kiti kimoja, mkono wa mama begani kwa binti yake. Mama alikuwa na miwani usoni.

"Njoo unitungie uzi kwenye sindano," mama alisema. "Leo sioni."