Kioo Kilichopandishwa Kidogo Tu

Saa mbili asubuhi, mashine ya kukereza inanguruma kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba. Fundi kalamu ameinama, patasi mkononi, vumbi la buluu likimtua kwenye nyusi. Mama yake amesimama mlangoni akimenya viazi. Hamtazami. Anasikiliza.

"Mwanangu, imebadilika sauti!"

Fundi anazima mashine, anapapasa ncha. "Kweli, mama. Ningegusa tena, ingekuwa kokoto."

Zamani hakuazima masikio ya mtu. Mtaani walimwita Mia kwa Mia, maana kalamu zake hazikuwa na kasoro. Huzichonga kwa jiwe la kiwandani, unga wa mawe uliogandishwa kwa gundi. Linang'aa kama kito, linavunjika kama sahani. Kalamu nyingine hutobolewa mwanzo hadi mwisho. Zake mkia umefungwa, jiwe tupu, bila chuma ndani cha kulishikilia.

Mwaka juzi mkurugenzi mmoja aliagiza ya kijani, ya kustaafia. Fundi akafunga utepe kwenye biti, chuma cha kutobolea cha drili, ili ajue tundu liishie wapi. Lakini alipimia kuanzia pale biti inapoanza kuwa nene, akaisahau ncha iliyochongoka. Tundu likazidi kina kwa unene wa ukucha, jiwe la mkiani likabaki jembamba. Kwa nje huwezi kujua.

Alipofika mkiani, kioo cha kukinga uso kilishajaa ukungu wa pumzi. Akakipandisha.

"Kidogo tu," alijiambia, "nione ncha."

Jiwe likapasuka. Jicho la kulia likaenda.

Na mkurugenzi? "Alimtuma dereva aulize kama kalamu itachelewa," anasema mama, akicheka kicheko kisicho na raha. "Pole hata ya uongo hakuleta."

Hospitali ilikula akiba yote. Mashine haikuuzwa, ukiuza jembe utalima na nini? Lakini jicho moja halipimi vizuri umbali wa patasi na jiwe, ndiyo maana mama hukaa mlangoni. Jiwe nene hukoroma, amejifunza. Likiwa jembamba hulia kama mbu.

Mzazi mwenzangu unayesoma, mwanao akikwambia "kidogo tu", usimwitikie. Maafa hayaji kwa wingi. Huja kidogo tu.

Siku hizi binti wa mwisho wa mama naye anachungulia kibandani, anaokota vipande vya jiwe, anavipanga kwa rangi.

"Akimaliza shule nitamfundisha," anasema fundi, uso ukimchangamka kwa mara ya kwanza. "Ana mkono mwepesi huyo. Tutafungua duka barabarani, mama, wewe utakaa kwenye kiti."

Kisu cha viazi kinasimama.

"Nyumba hii ilikuwa na macho sita. Yamebaki matano. Nani kakwambia nina ya kugawa?"

"Mama nawe!"

"Mfundishe kwanza kuteremsha kioo."

"Hilo ndilo somo la kwanza, wala usiwe na wasiwasi."

Anawasha mashine, anainamia jiwe. Kioo kimekaa juu ya paji la uso wake, kama kofia.