Nambari za Bi Turan

Mjini Rasht, kaskazini mwa Iran, hakukuwa na dalali wa nyumba asiyemjua Bi Turan Kasmai. Kwa miaka ishirini na sita, kila wiki ya kwanza ya mwezi, aliingia madukani mwao na mwavuli mweusi unaochuruzika maji, akaufunga mlangoni, akaketi bila kungoja kukaribishwa, na kusema maneno yale yale: "Nionyesheni mlichouza. Mnachotamani kuuza bakini nacho."

Walimpachika jina la Mama Mita. Alilijua, na halikumkera. Kazi yake ilikuwa kuandika bei ya kila mita ya mraba ya nyumba zilizouzwa mwezi uliopita, mtaa kwa mtaa, kisha kwenda Lahijan, Fuman na Anzali kufanya vivyo hivyo. Aliporudi katika ofisi yao ya takwimu alijumlisha, akagawanya, akapeleka hesabu Tehran, na huko zikaunganishwa na za mikoa mingine na kuchapishwa katika kijitabu cha kurasa nane. Kijitabu kilipofika, Bi Turan alikifungua palepale penye mkoa wao wa Gilan. Mstari mmoja tu: nyumba zimepanda kwa asilimia kadhaa. Jina lake halikuwepo, lakini mstari ule ulikuwa wake kama vile mtoto anavyokuwa wa mama yake. Mahakimu waliutumia kugawa mirathi. Benki ziliutumia kukadiria mikopo. Alipousikia ukitajwa redioni, aliongeza sauti.

Hakuwa na mtoto mwingine. Aliposwa mara moja, akiwa na miaka thelathini, mama yake akaugua, posa ikapoa. Mama alipokufa, baba alipooza upande mmoja, na Turan akamlisha kwa kijiko miaka minane katika nyumba yao ya zamani ya vigae vyekundu, yenye ua mpana na mti wa machungwa machachu. Kaka yake, Kiumars, mwenye duka la mchele sokoni, alikuja kila Ijumaa, akambusu mzee kwenye paji la uso, akala, akaondoka.

Mwaka ule dola ilipopaa, bei za nyumba nazo zilianza kukimbia, na watu wakaanza kugombana juu ya nambari. Kulikuwa na tovuti moja ya matangazo ya nyumba iliyotoa takwimu zake yenyewe kila mwisho wa mwezi. Tovuti hiyo ilisema Gilan imepanda kwa asilimia arobaini na moja. Bi Turan alisema kumi na saba.

Bwana Vosuqi, mkuu wa ofisi, aliitisha kikao. Akamwalika kijana wa ile tovuti, jina lake Behrang, aliyekuja na kompyuta yake na viatu visivyo na soksi.

"Sisi tuna matangazo elfu tisa ya mwezi mmoja," Behrang alisema. "Bi Turan ana mangapi?"

"Nina mikataba mia mbili na kumi na tatu," Bi Turan akajibu. "Imetiwa saini. Ya kwako mwanangu ni ndoto elfu tisa. Mimi nikitangaza mwavuli huu kwa milioni kumi, utaandika kwamba miavuli imepanda?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Behrang aliona haya, lakini hakufunga kompyuta yake.

"Tena nusu ya hayo matangazo yenu ni majumba ya ufukweni ya watu wa Tehran," Bi Turan akaongeza. "Mtu wa Fuman anayetafuta vyumba viwili yanamhusu nini?"

"Hilo nakubali, mama. Lakini karatasi nazo husema uongo."

"Za kwako, labda. Za kwangu zina muhuri."

Wakacheka tena. Bwana Vosuqi akaandika asilimia kumi na saba, na Bi Turan akatembea hadi nyumbani chini ya manyunyu bila kufungua mwavuli, kwa furaha tu.

Baba yao alifariki mwanzoni mwa vuli. Baada ya arobaini, Kiumars alikuja siku ambayo haikuwa Ijumaa. Turan alikuwa amepika biringanya za kuchoma kwa vitunguu saumu na mayai, na kaka mtu alikula nusu ya sahani kabla ya kusema kilichomleta.

"Nilufar anaolewa, dada. Nimeona nyumba ya ghorofa mtaa wa Golsar, ndogo, lakini safi. Tuuze hapa. Wewe na fungu lako utapata pa kujisitiri, na mimi nimpe mwanangu chochote."

Turan alitazama kitanda cha baba, ambacho bado hakijaondolewa sebuleni. Alijua sheria: kaka mafungu mawili, yeye moja. Alijua pia kwamba angekataa, angeambiwa amemzuilia mtoto kuolewa.

"Haya. Tuuze."

"Kwa ngapi? Wifi yako Shokufe kaangalia kwenye simu. Wanasema hapa mtaani mita ni milioni sita na nusu."

"Hao wa kwenye simu!" Turan aliweka kijiko chini. "Kaka, hii ndiyo kazi yangu. Hakuna mtu aliyelipa sita na nusu mtaa huu. Nyumba ya Mashhadi Shaban pale kona, mkataba nimeushika kwa mikono hii, milioni nne na laki nne. Ukidai sita na nusu tutakaa hadi Nilufar apate wajukuu."

"Una hakika?"

"Umewahi kusikia nimekosea?"

Kiumars alicheka, akaishika mikono ya dada yake kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Nani atabishana na Mama Mita? Basi nne na nusu, na tusishuke hata tomani moja."

Hawakushuka. Mnunuzi, mhandisi mmoja wa Tehran, aliletwa na Haji Fattah, dalali ambaye Turan alimtembelea tangu mwaka wake wa kwanza kazini. Mhandisi hakuomba kupunguziwa. Alizunguka ua mara moja, akauliza mti una miaka mingapi, akasema sawa. Mkataba wa awali ulitiwa saini siku iyo hiyo dukani kwa Haji Fattah, pamoja na faini nzito kwa atakayejitoa. Jioni yake Kiumars alilipa malipo ya kwanza ya ile nyumba ya Golsar.

Wiki tatu baadaye walikutana katika ofisi ya msajili wa hati ili kukamilisha. Watu walijaa, kila mmoja na bahasha yake. Haji Fattah alimsogezea Turan karatasi mpya, akaweka kidole pa kutia saini. Turan, kwa mazoea, alitazama nambari kwanza.

"Haji, hapa mmekosea. Mmeandika milioni tatu na laki mbili."

"Hatujakosea, Bi Turan. Hii ni ya serikali." Haji Fattah alisema kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Kodi, dada yangu. Zenu mtapewa zote, nne na nusu, hundi iko kwa mhandisi. Karatasini tunaandika kidogo. Kila mtu huandika hivyo."

"Kila mtu?"

"Kila mtu."

"Tangu lini?"

Haji Fattah aliinua nyusi. Hakuwa na ubaya usoni, na hilo ndilo lililomuumiza Turan baadaye kila alipolikumbuka. "Tangu nifungue duka. Ina maana hukujua? Wewe?"

Turan aliiweka karatasi mezani. Alisogea karibu ili Kiumars, aliyekuwa akizungumza na mhandisi, asisikie.

"Nyumba ya Mashhadi Shaban. Ulinipa karatasi ya nne na laki nne."

"Ndiyo, iliandikwa hivyo."

"Walilipa ngapi?"

"Sita na laki mbili."

"Miaka ishirini na sita nimekuja dukani kwako. Nimekunywa chai yako. Hukuniambia hata siku moja."

"Bi Turan, wewe uliomba karatasi, nami nikakupa karatasi. Hukuwahi kuniuliza watu wametoa ngapi mfukoni." Akashusha sauti. "Hata mimi niliwashangaa mlipong'ang'ania nne na nusu. Nikasema moyoni, huyu mama ana siri yake, labda wana haraka. Mimi ni nani nimfundishe Mama Mita bei?"

Msajili aliita jina la Kasmai. Turan alipiga hesabu kichwani, maana kichwa chake hakikujua kufanya kitu kingine: mita mia mbili na arobaini, mara milioni moja na laki saba. Zaidi ya milioni mia nne. Wakijitoa, faini ingeimeza ile nyumba ya Golsar yote. Kiumars alimpungia mkono huku akitabasamu. Turan akaenda, akatia saini, akabonyeza kidole kwenye wino.

Angeweza kunyamaza. Huenda Kiumars asingejua kamwe, au angejua baada ya miaka na kulaumu dunia. Lakini maisha yake yote alikuwa ametoa nambari jinsi alivyoiona, na hakujua jinsi ya kubaki nayo tumboni. Alimwambia nje barabarani, wamesimama chini ya kibaraza cha duka la keki, mvua ikimwagika mbele yao.

Kiumars alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema polepole, "Shokufe aliniambia sita na nusu. Aliona kwenye simu. Mwanamke aliyeishia darasa la nane."

"Sita na nusu nayo si kweli, kaka. Ilikuwa sita na..."

"Nyamaza!" Watu waligeuka. "Hata sasa unanisahihisha? Hata sasa? Baba alijenga nyumba ile kwa mikono yake, wewe umeitupa kwa ajili ya kijitabu chako!"

Akaondoka bila mwavuli. Turan alibaki na wake mkononi.

Jumamosi, wiki ya kazi ilipoanza, aliingia kwa Bwana Vosuqi na kurasa nne alizoandika kwa mkono. Alieleza yote: mikataba inaandikwa pungufu, kwa theluthi hivi kwa alivyokisia; na kodi ikipanda, watu huandika pungufu zaidi, kwa hiyo hata kiasi cha kupanda si sahihi. Tovuti nayo inazidisha. Ukweli uko katikati, mahali ambapo hakuna aliyewahi kwenda kuuchukua.

Bwana Vosuqi alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati lake.

"Unataka nifanye nini, Bi Turan?"

"Tuandike Tehran. Tuseme nambari za Gilan zirekebishwe."

"Za mwaka gani?"

"Zote."

"Zote." Akacheka kidogo, bila furaha. "Watu wamegawana mirathi kwa nambari hizi. Watu wamepewa talaka na kulipwa fidia ya mashamba. Niwaambie warudi? Na unadhani ni Gilan peke yake? Unadhani kule Yazd na Tabriz watu hawajui kalamu?"

"Kwa hiyo ulijua."

Bwana Vosuqi alivaa miwani yake. "Mimi nilijua tuna muhuri kwenye kila karatasi. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema hivyo." Akafungua saraka ya meza, akaweka kurasa nne ndani, akaifunga. "Umebakiza miaka miwili ustaafu. Tafadhali."

Mwezi uliofuata Bi Turan aliwazungukia madalali kama kawaida, lakini safari hii aliuliza bei mbili: iliyoandikwa na iliyolipwa. Wengine walicheka. Mmoja wa Lahijan alimuuliza kama siku hizi anafanya kazi na watu wa kodi, na tangu siku hiyo hakumfungulia mlango. Watatu hivi walimwambia, kwa kunong'ona, na hata hao hakujua kama awaamini. Alipeleka Tehran ile ya karatasini, kama alivyoamriwa. Kijitabu kilipofika, alikiacha ndani ya bahasha yake. Dada wa usafi akaja kukitumia kuzibia dirisha linalovuja.

Alipanga vyumba viwili karibu na mto Zarjub, ghorofa ya tatu, bila lifti. Mwenye nyumba alimtajia kodi kutoka kwenye tovuti. Alilipa.

Harusi ya Nilufar ilifanyika majira ya baridi, naye alisikia habari zake kwa mwuza samaki.

Mwaka mpya wa Kiirani ulipoingia, mwanzoni mwa machipuko, Turan alijilazimisha. Kaka ni mkubwa, na ni mdogo anayeanza kwenda. Alinunua biskuti za njugu, akavaa koti jipya, akapanda ngazi za nyumbani kwa Kiumars. Shokufe alimfungulia, akambusu mashavu yote mawili, akamketisha karibu na meza ya sikukuu iliyopangwa ngano changa na mayai ya rangi. Wageni walikuwa kumi hivi: mashemeji, majirani, yule mkwe mpya. Kiumars alimwitikia salamu bila kumtazama. Chai ikazunguka. Wakazungumza juu ya bei ya mchele, bei ya gari, na nyumba ya zamani, ambayo mhandisi alikuwa ameshaivunja ili ajenge ghorofa saba.

Hapo ndipo Kiumars alipogeuka, kwa sauti ya kuchangamsha baraza.

"Haya, tunaye mtaalamu hapa! Tusibahatishe. Dada, hebu waambie wageni: Rasht leo mita ni tomani ngapi?"

Mashemeji walicheka. Mkwe mpya, ambaye hakuwa ameambiwa kitu, alimgeukia kwa heshima na kungoja. Kweli alitaka kujua. Ndiyo kwanza alikuwa akitafuta kiwanja.

Turan aliweka gilasi ya chai kwenye kisahani. Alikuwa na nambari tatu kichwani, ya karatasini, ya mfukoni na ya tovuti, zote za mwezi uliopita, na tofauti kati ya moja na nyingine aliijua hadi maelfu.

"Sijui, baba," alimwambia yule kijana.

"Hata kwa kukadiria, shangazi?"

"Hata kwa kukadiria."

Kicheko kiliisha. Shokufe alipitisha sahani ya biskuti, na kila mtu akachukua moja. Turan naye akachukua, akaishika mkononi, na muda mfupi baadaye akaomba koti lake.