Siku Niliyokataa Kuwa Likizoni

Mimi sifichi: nilirudishwa. Niliomba hifadhi Ulaya, nikakataliwa, nikakata rufaa, nikakataliwa tena, kisha polisi wawili wakanisindikiza mpaka kwenye kiti changu cha ndege. Ni watu wachache wa Nakuru waliowahi kusafiri na walinzi, nami huwakumbusha hivyo majirani.

Baba mdogo hakupenda mzaha huo. Siku tuliyokwenda Kuresoi kumposa mchumba wangu, yeye ndiye aliyekuwa msemaji wetu, na tukiwa bado njiani alinipa amri.

"Wewe uko likizo. Ukiulizwa, cheka tu. Ukisema ulirudishwa, bibi utamkosa."

Sikubishana naye, kwa heshima. Lakini nina diploma ya mitambo ya baridi, na karo nilijilipia mwenyewe kwa kuuza viazi. Niliporudi nilifungua karakana yangu, na leo mtambo wa kupozea maziwa ukizima popote kati ya Njoro na Molo, simu inayolia kwanza ni yangu. Mtu kama huyo ana haja gani na likizo ya kubuni?

Huko kwa wakwe, baba mdogo alimsifu kijana wake wa majuu hadi mimi mwenyewe nikaanza kumwonea wivu. Ndipo mjomba wa mchumba wangu akauliza, "Sasa kijana, unarudi lini huko majuu? Maana msichana wetu lazima uende naye."

Baba mdogo alinikanyaga mguu. Nilisimama.

"Mzee, sirudi. Nilifukuzwa. Sikuiba cha mtu. Niliomba kukaa, wakakataa."

Baba mdogo alishikwa na kikohozi kisichoisha.

"Kwa hivyo tumeletewa mzigo uliorudishwa kwa mwenyewe," mjomba akasema, na wazee wenzake wakacheka.

"Ndio, mzee. Na haujavunjika."

Kwao, wazee hawagusi kinywaji walicholeta wageni mpaka binti aseme wanywe. Akisema wasinywe, wageni hubeba soda zao na kwenda. Mchumba wangu akaitwa. Sikuketi; kama ni hapana, ningeipokea nikiwa wima.

"Huyu anasema alifukuzwa huko," mjomba akamwambia. "Tunywe ama tusinywe?"

"Najua alifukuzwa. Mimi ndiye nilienda kumchukua uwanja wa ndege. Viatu havikuwa na kamba, walikuwa wamezitoa kizuizini, na bado alikuwa anatembea kama anakuja kununua huo uwanja." Akatazama meza. "Kunyweni, soda zinapata joto."

Walikunywa. Mjomba mpaka leo ananiita Mzigo, nami naitika kwa sauti kubwa.

Tukirudi, tulipopita Molo, baba mdogo aliniuliza:

"Na kama angesema wasinywe?"

"Ningerudishwa, Baba," nikamjibu. "Na kesho yake ningefungua karakana saa ile ile."