Papa Saidi Aliingia Wakati wa Kura

Bon, mkasa huu nausimulia mwenyewe kabla hamjausikia kwa dada yangu Zawadi, maana yeye akiusimulia anatia chumvi, na aibu yenyewe ilivyo haihitaji chumvi hata punje.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na hapa Brussels kulikuwa na bunge la vijana ambalo nilikuwa mbunge wake (tafadhali msicheke mapema). Wanafunzi ishirini tunakutana Jumamosi katika ukumbi mmoja wa Laeken, kumi na mmoja upande huu, tisa upande ule, spika kati na nyundo yake, na mswada unaoshinda unapelekwa kwa madiwani wa kweli wautekeleze. Wangu ulikuwa wa chumba. Chumba kimoja tu, watoto wafanyie kazi za shule baada ya masomo. Mama alikuwa anasuka nywele katika saluni moja ya Galerie d'Ixelles, na Zawadi, miaka kumi na mmoja, nyumbani hakuna mtu, kwa hiyo kila siku anapanda tramu mpaka kule, anafanya hesabu nyuma ya saluni, daftari juu ya magoti, mashine za kukausha nywele zinanguruma, wateja wanabishana juu ya waume zao, naye anatafuta ukubwa wa pembetatu. Nikamwahidi, "Jumamosi nakuletea chumba." Akaja na mama, wakakaa viti vya wageni.

Sasa kanuni za bunge nilikuwa nimezimeza zote. Kijitabu kizima nilikisoma kwenye tramu mpaka nikapitiliza kituo. Ubaya wake ni kwamba nilitaka kila mtu ajue kuwa ninajua.

Kura tulikuwa tunapiga kwa kusimama: wanaoafiki wanasimama, spika anahesabu, basi. Asubuhi ile, kwenye mswada mdogo wa mapipa ya taka, msichana mmoja wa upande wa pili, Élodie, akasimama katikati ya kuhesabu kuokota skafu yake iliyoangukia nyuma ya kiti. Akaomba radhi, akasema hakuwa anapiga kura, yeye anaupinga mswada. Spika alikuwa tayari kumsamehe, na nani akanyanyua mkono? Mimi hapa. "Madame la présidente, kanuni inasema aliyesimama amehesabiwa. Hatumuulizi amesimama kwa nini." Donc akahesabiwa, mswada ukapita kwa kura yake (mmoja wetu alikuwa ameukataa), wenzake wakamnunia, wenzangu wakanigongea meza, Zawadi akaninyooshea dole gumba kule nyuma. Nilijiona waziri kabisa.

Mchana ukaja mswada wangu. Upande wa pili wakaleta marekebisho: "chumba cha kusomea" kifutwe, badala yake viwekwe vyuma vya kufungia baiskeli. Nikacheka moyoni, wao tisa, sisi kumi na mmoja, wataenda wapi? Spika akasema wanaoafiki marekebisho wasimame, wale tisa wakasimama, akaanza kuwahesabu kwa ncha ya kalamu. Mlango ukafunguka.

Papa Saidi. Huyu mzee ndiye aliyetupokea tulipofika kutoka Bujumbura, tukalala sebuleni kwake Ganshoren miezi minne na hajawahi kutuuliza tunaondoka lini. Nilimwalika mwenyewe, basi lake likachelewa. Akavua kofia ya baridi, akabaki na ile ya kufuma, akausalimia ukumbi mzima pole pole, "Asalaam aleikum."

Jamani, nilikuwa wima kabla sijafikiri, mkono kifuani, "Waaleikum salaam, papa!" Na si peke yangu: Idi kasimama, Mariamu kasimama, Trésor Mkongomani naye kasimama (si Mwislamu hata kidogo, lakini mama yake angemfinya sikio). Watoto wote waliolelewa vizuri wa upande wangu tulikuwa wima.

"Treize," akasema spika, yaani kumi na tatu, na nyundo ikagonga. Chumba kimekwenda.

"Yusufu, semaka kitu!" Trésor ananivuta shati. "Tulikuwa tunasalimia muzee tu!"

Spika akanigeukia, akasema mwenye mswada akiafiki kuufuta anapewa dakika moja ya kueleza sababu. (Kanuni hiyo niliijua vizuri sana, asante.) Élodie akainama kutoka upande wake, akaninong'oneza, "Waombe kura irudiwe. Sema ulikuwa unamsalimia babu. Mimi nitakuunga mkono." Na wala hakuwa ananikejeli, alisema kwa huruma.

Sentensi moja tu! Lakini ili niiseme ilibidi niyakane maneno yangu ya asubuhi mbele ya watu wale wale, na huyu huyu Élodie akitazama. Nikaona haya. Nikakohoa, nikasema kwamba baada ya kutafakari kwa kina nimetambua kuwa baiskeli ndiyo maisha ya kesho ya jiji hili. Nikaingia kwenye hewa safi, nikaingia kwenye afya ya moyo, dakika nzima, mimi ambaye baiskeli yenyewe sijui kuendesha! Wale tisa wakashangilia. Papa Saidi, ambaye hata hajui tunajadili nini, akapiga makofi kuliko wote, "Mashallah, mtoto anaongea!" Mama akauliza kwa sauti, "Kwani si ulisema chumba?" Zawadi alikuwa anatazama viatu vyake.

Kwenye tramu akaniuliza, "Kaka, kumbe ulikuwa hukitaki?" Nikamjibu siasa ni ngumu, hataelewa. Mjinga mimi.

Vyuma viliwekwa kweli, vipo hadi leo nje ya ukumbi, na Zawadi akaendelea na hesabu zake saluni miaka miwili mingine. Ukweli nilimwambia akiwa amekuwa msichana mkubwa, siku tulipopita pale naye akawa anafunga baiskeli yake. Akamaliza kufunga, akaweka ufunguo mfukoni.

"Kumsalimia papa Saidi sikulaumu, hata mimi nilisimama," akasema. "Lakini ile dakika moja waliyokupa, kaka, ilikuwa yangu."

Kwa hiyo mzee akiingia bado nasimama, hilo siachi. Ila siku hizi nikikosea nasema hapo hapo kwamba nimekosea, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, yoyote itakayotangulia mdomoni.